Kisa cha Kitunda cha b2: Namna ya Kuusoma Mchezo wa Sataranji

Msomaji wangu, ikiwa umekwisha kujua namna kila kete ya sataranji inavyokwenda, na umecheza michezo kadha wa kadha ukashinda na kushindwa, basi huenda umefika mahali ambapo kucheza peke yake hakukuongezei tena maarifa, kwa kuwa makosa unayoyafanya leo ndiyo yale yale uliyoyafanya mwaka jana, na mwenzio anayeketi mbele yako barazani hana la kukufunza ila kuyaadhibu. Aliyefika hapo aula kwake ni kuuchukua mchezo mmoja uliochezwa na mastadi wawili, akauweka juu ya ubao wake mwenyewe, akaudurusu mwendo baada ya mwendo tangu ufunguzi hata zibaki ngome mbili na vitunda vichache, kwa taratibu ile ile ambayo mwanachuoni huusoma mlango mmoja wa fikihi siku nyingi pasipo kuona haya ya kurudi nyuma.

Mchezo nitakaokuongoza ndani yake ni ule ambao José Raúl Capablanca, mzaliwa wa Havana, aliucheza na Savielly Tartakower katika New York mwaka 1924. Capablanca alikuwa bingwa wa dunia tangu mwaka 1921, alipomshinda Emanuel Lasker; na mashindano yale, yaliyofanyika katika hoteli ya Alamac, yaliwakusanya watu 11, kila mmoja akikutana na mwenzake mara mbili. Lasker ndiye aliyeshika nafasi ya kwanza, Capablanca ya pili, na Alexander Alekhine, aliyekuja kuandika kitabu cha mashindano yale, alikuwa wa tatu. Katika mashindano hayo hayo Capablanca alishindwa na Richard Réti, naye alikuwa hajapoteza mchezo kwa muda wa miaka 8. Kwa hiyo usimdhanie kuwa mtu aliyeketi kwa raha akicheza na watoto. Tartakower naye, mzaliwa wa Rostov aliyekuja kuishi Paris, alikuwa mwandishi hodari mwenye ulimi wa mzaha, na jina lake limebaki mpaka leo katika njia mojawapo ya kuufungua mchezo. Vyeo rasmi vya umahiri mkuu shirika la dunia la sataranji lilianza kuvitoa mwaka 1950, wakati Capablanca amekwisha kufariki miaka 8; walakini hakuna anayeujua mchezo huu atakayebisha kuwa wote wawili walistahili.

Kabla hatujaanza, tayarisha vitu vitatu: ubao wenye kete za mbao au za plastiki, si picha ya ubao katika simu, daftari na kalamu, na kipande cha karatasi ngumu cha kufunikia miendo iliyo mbele. Hicho cha tatu ndicho kikubwa. Funika mwendo unaofuata, ukae kimya, uandike katika daftari mwendo ambao wewe ungeucheza na sababu yake kwa maneno machache, ndipo ufunue. Utakuwa umekosea mara nyingi, na kila kosa lililoandikwa lina thamani kuliko miendo kumi uliyoitazama kwa kutikisa kichwa ukisema naam, naam, nami ningefanya hivyo hivyo. Ama programu za kompyuta, ambazo siku hizi humpa mtu jibu kabla hajamaliza kuuliza, ziache zimefungwa mpaka umalize kazi yako. Ukizifungua mwanzo, utajua mwendo ulio bora na hutajua kwa nini ni bora.

Ubao wangu mimi una upungufu: kitunda kimoja cheupe kilipotea zamani, na mahali pake nimeweka kifungo cha koti. Siku niliyoupanga mchezo huu kwa mara ya kwanza, kifungo kile kiliangukia nyumba ya b2, na kwa sababu kilikuwa tofauti na wenziwe, jicho langu halikuacha kukifuata kila kilipokwenda. Ni bahati tu, lakini bahati hiyo ilinifunza njia ninayokupa leo: katika mchezo wowote utakaousoma, chagua kete moja, hasa iliyo dhaifu, uyafuate maisha yake tangu mwanzo hadi hatima. Kifunge kitunda chako cha b2 uzi mwekundu, tuanze.

Namna ya kuandika miendo ni hii. Mistari inayopanda ina herufi, a mpaka h, na safu zinazolala zina nambari, 1 mpaka 8, zikihesabiwa kutoka upande wa nyeupe. Nitaitaja kete na nyumba inayofikia; palipo nyumba peke yake, kitunda ndicho kilichosogea. Mwendo wa nyeupe, yaani wa Capablanca, hutangulia. Mfalme anapoguswa na kete ya adui nitasema ameambiwa shaha, neno ambalo sisi tunalo tangu kale kwa maana ya mkuu, maana huyu shaha wa ubaoni ni ndugu wa damu wa shaha wa malenga. Na kwa kuwa tumeyagusa maneno, huenda likakufurahisha hili: Capablanca, ambaye lugha yake ya kuzaliwa ni Kihispania, hakuwa na askofu ubaoni kwake, kete hiyo kwao huitwa alfil, yaani ndovu wa Waarabu, na mchezo wenyewe jina lake kwao latokana na neno lile lile lililotupa sisi sataranji.

Ufunguzi ulikwenda hivi: 1. d4, e6, 2. farasi f3, f5, 3. c4, farasi f6, 4. askofu g5, askofu e7, 5. farasi c3, na mfalme wa Tartakower akajificha upande wa kulia wa ubao kwa kubadilishana na ngome, 6. e3, b6, 7. askofu d3, askofu b7; 8. Capablanca naye akamficha mfalme wake upande ule ule, na malkia mweusi akaenda e8. Njia hii ya kujibu kwa kitunda cha f5 huitwa ya Kiholanzi. Usikae sana hapa. Wanafunzi wengi hupoteza mwezi mzima katika miendo minane ya kwanza kwa kuwa vitabu vya ufunguzi ni vingi na vinauzwa, ilhali kwa mtu wa daraja letu yatosha kujua kila upande unataka nini: Tartakower anataka kuitawala nyumba ya e4 asije mwenzake akasukuma kitunda chake pale, na Capablanca anataka siku moja kukisukuma.

Kisha ikawa: 9. malkia e2, farasi e4, 10. askofu akala e7, farasi akala c3, 11. kitunda cha b kikala c3, malkia akala e7. Simama hapa. Kifungo changu, kitunda chako chenye uzi, kimetoka b2 kikaingia c3, na nyuma ya kile cha c4 sasa pana kitunda cha pili katika mstari ule ule mmoja. Hii ndiyo kasoro ambayo mwalimu yeyote angeikemea: vitunda vilivyopandana haviwezi kulindana, na cha nyuma hakina jirani wa kumshika mkono. Andika katika daftari swali ambalo nataka uliulize katika kila mwendo wa mchezo huu, nalo ni: ametoa nini, na amenunua nini? Capablanca ametoa umbo zuri la vitunda vyake. Alichonunua ni mstari wa b ulio wazi kwa ngome zake, na nguzo ya kuishikilia d4. Je, bei ni ya haki? Hapo hujui, na si aibu kutojua. Iache nafasi katika daftari uje uijaze.

Mwendo wa 12 ulikuwa a4, na Tartakower akamla farasi wa f3 kwa askofu wake, 13. malkia akala f3, farasi c6. Sasa kila upande una malkia, ngome mbili na kete moja ndogo: Capablanca askofu, Tartakower farasi. Farasi huyo ana safari, nayo utaiona: atakwenda a5, apate kuwashambulia wale ndugu wawili wa mstari wa c. Hapo ndipo tadbiri ya Tartakower inapodhihirika, kwamba tangu sasa ataitumia rasilmali yake kukiwinda kitunda chetu na mwenziwe. Si tadbiri mbovu. Ningekuwa mimi ningeifuata.

Miendo ya katikati nitaipita kwa haraka zaidi. 14. ngome ya f ikaenda b1, ngome nyeusi e8, 15. malkia h3, ngome f6, 16. f4, farasi a5, 17. malkia f3, d6, 18. ngome e1, malkia d7, 19. e4, kikaliwa na kitunda cha f, 20. malkia akala e4, g6. Tazama jambo moja tu katika fungu hili. Malkia mweupe amesimama e4, na nyuma yake, katika mshazari ule ule, yupo askofu wa d3. Wote wawili wanaitazama h7, ambayo mlinzi wake ni mfalme peke yake. Basi Tartakower amelazimika kusukuma g6 ili kuiziba njia. Hakuna kilicholiwa, hakuna aliyeambiwa shaha. Lakini ukuta mbele ya mfalme mweusi umepata ufa, na Capablanca, miendo mitatu baadaye, ataanza kuuingiza ukucha wake: 21. g3, mfalme f8, 22. mfalme g2, ngome f7, 23. h4, d5, 24. kitunda cha c4 kikala d5, cha e6 kikala d5.

Angalia kifungo. Ndugu yake wa mbele ameondoka, naye amebaki peke yake katika c3, pasipo kitunda kwenye b2 wala kwenye d2 cha kumlinda, na nyumba iliyo mbele yake, c4, imekuwa kiti kizuri cha farasi mweusi. Walimu wengi wangesema kuwa hali yake sasa ni mbaya kuliko kwanza.

Kisha likaja badilishano kubwa: 25. malkia akala e8 na shaha, malkia akala e8, 26. ngome ikala e8 na shaha, mfalme akala e8. Kwa miendo miwili ubao umekuwa mweupe kama ufuo wa bahari maji yakikupwa. Zimebaki ngome moja moja, askofu dhidi ya farasi, na vitunda sita kwa sita. Hapa funika kwa karatasi yako, uondoke mezani ukanywe kahawa, urudi, kisha ukae na mwendo wa 27 kwa muda usiopungua robo saa, kwa kuwa ndio mwendo ambao hatima yote imetegemea, na ni mwendo mdogo usiovutia jicho. Capablanca alicheza h5.

Ametoa nini? Anakitoa kitunda kikabadilishwe. Amenunua nini? Mstari wa h. Ikaendelea: ngome f6, 28. kitunda kikala g6, kitunda kikala g6, 29. ngome kutoka a1 mpaka h1, mfalme f8, 30. ngome h7. Ngome ile iliyokuwa imelala pembeni tangu mwanzo wa mchezo imefika safu ya 7 kwa miendo miwili. Simama uutazame ubao kwa karibu, uuweke mkono wako wa kulia juu ya safu hiyo kuanzia h7. Nyumba zote, g7, f7, e7, d7, zimo chini ya ngome. Mfalme mweusi hawezi kuikanyaga hata moja, na kwa hiyo gereza lake ni safu ya 8, humo ataenda na kurudi mpaka siku yake. Mwisho wa safu hiyo vipo c7 na a7, vitunda ambavyo vitahitaji mlinzi siku zote. Ngome moja imefanya kazi ya askari jela na ya mtoza kodi kwa wakati mmoja.

Tartakower akajibu kwa ngome c6, na kitunda chetu sasa kimeshikwa wazi: ngome inakitazama, wala hakuna kinachokilinda. Funika kwa karatasi, uandike mwendo wako. Mimi daftari langu la siku ile lina sentensi ya aibu kuhusu namna ya kuirudisha ngome kukiokoa. Capablanca alicheza 31. g4, kana kwamba c3 ni jambo la mtaa mwingine. Kama Tartakower angekila papo hapo, askofu angekwenda kukila cha g6, ambacho ngome ilipokuwa safu ya 6 ilikilinda, nacho hapo kingekuwa hakina mwenyewe. Basi hakukila, alileta farasi c4, kiti kile alichokitamani tangu mwendo wa 16. Kisha 32. g5, farasi e3 na shaha, 33. mfalme f3, farasi f5, 34. askofu akala f5, kitunda cha g kikala f5.

Badilishano hili la mwisho wengi huliruka, nami nalihesabu kuwa la pili kwa ukubwa baada ya h5. Mtu aliyefundishwa kuwa askofu ni bora kuliko farasi angeona uchungu kumtoa; walakini farasi wa f5 alikuwa kete pekee ya Tartakower iliyokaa mahali pema, na kumwondoa kulimlazimu Tartakower akitoe kitunda chake katika mstari wa g. Tokeo lake ni kwamba kitunda cheupe cha g5 hakina tena adui mbele yake wala ubavuni mwa njia yake: ni kitunda huru, na kati yake na kuwa malkia pana hatua tatu.

Sasa tumefika penyewe. Panga upya ubao wako, uhakikishe: nyeupe ina mfalme f3, ngome h7, na vitunda a4, c3, d4, f4, g5, nyeusi ina mfalme f8, ngome c6, na vitunda a7, b6, c7, d5, f5. Tano kwa tano. Zamu ni ya Capablanca, na kitunda cha c3 kimo kinywani mwa ngome kwa mara ya pili, mara hii bila farasi wa kuiziba njia.

Capablanca alimsogeza mfalme wake g3. Niliposoma mwendo huo mara ya kwanza nilidhani mpiga chapa amekosea, maana si kwamba ameacha kitunda kiliwe tu, bali amemwacha mfalme katika safu ile ile ya 3, ili kiliwe pamoja na shaha. Nilirudi nyuma mara mbili kuhakikisha kuwa kete zimekaa sawa. Zilikuwa sawa. Ngome ikala c3 na shaha, 36. mfalme h4, ngome f3, 37. g6, ngome ikala f4 na shaha, 38. mfalme g5, ngome e4. Hesabu: Capablanca ana vitunda vitatu, Tartakower ana vitano. Ukimwita mpita njia asiyejua mchezo ukamwambia ahesabu, atakwambia nyeusi inashinda, na hata mchezaji wa bao, ambaye anajua fika kuwa wingi wa kete si ushindi, huenda akasitasita.

Fuatilia hizo shaha mbili. Ya kwanza ilimsukuma mfalme kutoka g3 kwenda h4. Ya pili ilimsukuma kutoka h4 kwenda g5. Ndiyo njia hasa aliyotaka kuipita! Adui amemfungulia mlango na kumbebea mzigo, naye katika kila mlango amelipa kitunda kimoja. Ama ngome nyeusi, iliyokuwa mlinzi wa c7 na wa nyumba zilizo mbele ya mfalme wake, imetoka c6 ikaenda c3, kutoka c3 ikaenda f3, kisha f4, ikila kama mgeni karamuni, ilhali nyumbani kwake moto unawaka.

Kwa mwendo wa 39 funika tena. Mfalme mweupe yuko g5 na kitunda cha f5 ki jirani yake, hakina mlinzi. Tayari umetoa viwili, na mkono unakuwasha kurudisha kimoja. Capablanca hakukila. Alimpeleka mfalme f6, na sababu yake, ukiitafakari, ni ya ajabu: kitunda hicho cheusi kimesimama katika mstari wa f, chini ya mfalme mweupe, na hivyo kinamkinga asiambiwe shaha na ngome nyeusi kutoka nyuma. Kitunda cha adui kimefanywa mwavuli. Na mfalme huyo wa f6, pamoja na ngome ya h7, anatishia ngome kupanda h8 na mchezo kwisha pale pale. Jaribu kumkimbiza mfalme mweusi kwenda e8: ngome h8 na shaha, mfalme d7, kitunda g7, na malkia mpya anazaliwa, labda ngome nyeusi ijitoe kafara kwa ajili yake. Basi Tartakower akamweka g8, 40. ngome g7 na shaha, mfalme h8; 41. ngome ikala c7.

Hatimaye amekula c7, kitunda kilichokosa mlinzi tangu ngome nyeusi ilipoiacha c3 baada ya kukila kifungo chetu. Angeweza kukila mapema; akangoja, kwa kuwa alikuwa na kazi ya haraka zaidi. Sasa anatishia kupanda c8 na kumfunga mfalme, na ngome nyeusi imelazimika kurudi e8 kulinda mlango. Ndipo, 42. mfalme akala f5. Kwa nini sasa na si pale mwanzo? Andika jibu lako. Langu ni kuwa mwavuli ulihitajika mvua ilipokuwa ikinyesha. Ngome nyeusi iliporudi nyuma kulinda, mvua ilikatika. Na kweli, ilipotoka tena, 42... ngome e4, 43. mfalme f6, ngome f4 na shaha, utaona kuwa ile shaha ya mstari wa f imewezekana maana kitunda hakipo, lakini haimdhuru: 44. mfalme e5, naye anaitishia ngome yenyewe. Tofauti ya kukila f5 mwendo wa 39 na kukila mwendo wa 42 ndiyo, kwa rai yangu, iliyo kiini cha elimu ya ngome za mwisho, na ningekuwa na mwanafunzi mmoja tu ningemfanya aupange ubao hapo kila asubuhi kwa wiki nzima.

Yaliyobaki ni kuvuna. Ngome g4, 45. g7 na shaha, mfalme g8, 46. ngome ikala a7, ngome g1, 47. mfalme akala d5, ngome c1, 48. mfalme d6, ngome c2, 49. d5, ngome c1, 50. ngome c7, ngome a1, 51. mfalme c6, ngome ikala a4, 52. d6, na Tartakower akakubali kushindwa. Mfalme mweupe ametembea kutoka f3 mpaka c6 kwa kuzunguka kulia, akipitia h4 na f6. Hata kitunda cha a4 alikiachia mwishoni bila kugeuza shingo.

Ukimaliza, rudi kwenye ile nafasi uliyoiacha tupu katika mwendo wa 11. Usijibu kwa kusema tu kwamba Capablanca alishinda, basi bei ilikuwa ya haki. Huko ni kumpima muuzaji kwa utajiri wake. Tazama badala yake ni miendo mingapi Tartakower aliitumia kwa ajili ya kitunda hicho na nduguye: farasi a5, ngome c6, farasi c4, ngome c3. Uiandike orodha hiyo upande mmoja wa ukurasa, na upande wa pili uandike miendo ya Capablanca iliyokwenda sambamba nayo tangu ngome ilipotoka a1. Kisha geuza ubao, uwe wewe Tartakower, ujaribu kumwokoa. Anza mwendo wa 36, na badala ya kwenda f3 upeleke ngome c1, upate kumsumbua mfalme kutoka nyuma. Utaona mfalme mweupe akipanda h5. Ukisema shaha kutoka h1, atakwenda g6, na ukizila ngome zikaisha, kitunda cha g kitakutangulia. Jaribu njia nyingine. Hapo sasa unaweza kuifungua kompyuta na kuiuliza umekosea wapi, na utashangaa namna majibu yake yanavyoeleweka ukiwa umekwisha kuhangaika mwenyewe.

Mimi nilipoumaliza mchezo huu usiku ule, nilizirudisha kete katika sanduku lake, na ile ya mwisho kuirudisha ilikuwa kifungo cha koti, ambacho tangu mwendo wa 35 kilikuwa kimekaa kando ya ubao, karibu na kikombe.